Uvimbe Ambao Haukutumwa na Mtu

Lusaka,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Mama yangu,

Shikamoo. Salamu hizi zikukute umekaa kwenye kiti, si umeinama jikoni, na goti likiwa limetulia. Kaka Benedikto aliniambia umeanza tena kwenda shamba kwa miguu wakati pawatila yake ya kulimia ipo uani, na ina tela la kukubeba. Najua utasema pawatila inatikisa mifupa, lakini goti nalo ni mfupa. Mvua za kwanza zimeshanyesha? Mmelima ile sehemu ya bondeni au mnasubiri udongo ulainike? Hapa sina wa kumuuliza hayo. Watu wa huku wanajua mahindi. Ukiwasimulia habari za mpunga wanakusikiliza kwa adabu tu.

Mimi ni mzima. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua hii moyo ukiwa juu. Lakini kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa sikuwa mzima, na kila Jumapili uliponipigia nilikudanganya. Ulipouliza mbona sauti imekauka, nikasema ni vumbi la vitambaa. Ulipotaka picha, nikasema kamera ya simu imeharibika. Nisamehe, mama. Leo nakuandikia kwa sababu ukipokea simu unaweka sauti ya juu, na majirani wote wanaitikia salamu zangu. Haya si ya majirani. Mama Neema, yule mfanyabiashara wa Mlimba anayefuata vitenge huku, ameahidi kukukabidhi bahasha hii mkononi. Vaa miwani usome mwenyewe, na usome mpaka mwisho.

Ilianza msimu wa baridi. Tulikuwa na kazi kubwa ya sare za shule, na unajua nikiwa kazini tepu ya kupimia haitoki shingoni kutwa nzima. Siku moja nikaona tepu inaniumiza upande wa kushoto. Nikapapasa, nikakuta mitoki miwili chini ya sikio, kama punje za maharage. Wiki iliyofuata ilikuwa mitatu, na mmoja umekuwa kama kokwa la zambarau. Ukiugusa unauma. Jioni homa inapanda, alfajiri nguo zimelowa jasho.

Nilikwenda kwenye zahanati ya karibu. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima virusi vya ukimwi, hakuna. Wakanipa vidonge vya siku saba, nikavimaliza, na shingo ikazidi kuvimba. Nikapewa vingine vyenye rangi mbili, navyo nikavimaliza.

Mama Chanda, mwenye karakana ninaposhona, alikuwa ananitazama tu. Nilishakusimulia habari zake: mjane, mtu wa maneno machache, tunaongea kwa Kinyanja changu kibovu na Kiingereza chake kibovu. Asubuhi moja nikakuta cherehani yangu imetolewa nje, barazani, na nimewekewa kazi ya kushona vifungo. Hakunieleza. Nikajua anaogopa kifua kikuu. Wasichana wenzangu walikuwa ndani wanapiga soga, mimi nipo barazani na baridi, nasikia vicheko kupitia ukutani. Sikumchukia. Ana wajukuu wanaoshinda pale. Lakini nililia, mama, vifungo vikawa vinanitoka mikononi.

Homa ilikuwa na tabia ya kuja alasiri. Jua likianza kulegea mwili unawaka, na akili inaondoka kwenda nyumbani. Nalala Lusaka chini ya mablanketi mawili, najikuta nipo kwenye dungu letu, mwezi wa nne, mimi na dada Yasinta tunawinga ndege. Unakumbuka ulivyokuwa unatuamsha kabla ya jua, unatupa kiporo cha wali na chai ya rangi, unatuambia ndege hawangoji mtu anawe uso? Yasinta alikuwa na kombeo, mimi debe. Alikuwa anarusha donge la udongo hadi shamba la jirani, kisha anakaa, ananyoosha miguu na kunisuka nywele huku jicho lipo kwenye mpunga. Alijua kila mbegu kwa sura. Anashika suke, anasema hii supa, hii shingo ya mwali. Halafu anainyoosha shingo yake ndefu na kuniuliza, kama mwali si yeye basi ni nani. Nilikuwa nacheka peke yangu kitandani. Kisha naikumbuka shingo ile ilivyokuwa mwishoni, navuta blanketi usoni.

Hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano dada alipotokwa na mitoki, lakini mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia kanga zilizolowa. Yangu ilikuwa upande uleule. Jasho lilikuwa lilelile. Yeye aliugua miezi tisa. Nikahesabu, nikajipa mpaka mwezi wa tatu.

Jioni moja Mama Chanda alikuja kukaa nami barazani, akaniletea uji. Akasema, "Devota, hospitali wanatibu yanayotoka kwa Mungu. Haya ya shingoni mara nyingi yanatoka kwa watu. Huko kwenu kuna mtu mliyekosana naye?"

Nikasema hayupo.

"Fikiri vizuri. Namjua mzee mmoja anaangalia vizuri sana. Jumamosi nitakupeleka."

Nilisema hayupo, mama, lakini jina lilishakuja kabla hajamaliza kuuliza. Lilikuwa la Shangazi Efrasia.

Hapa lazima nikwambie jambo usilolijua. Nilipokuja likizo mara ya mwisho, siku mbili kabla ya kuondoka, nilimkuta sokoni Ifakara, upande wa samaki. Unajua enzi za pantoni alikuwa anawauzia abiria waliokuwa wanasubiri kuvuka pale Kivukoni. Daraja lilipokamilika hakuna anayesubiri tena, basi naye anapanda bodaboda na beseni lake mpaka mjini. Amezeeka. Alinishika uso kwa mikono miwili inayonuka moshi, akasema, "Umefanana na baba yako mpaka naogopa." Akateremsha vidole shingoni, akaninyooshea rozari iliyokuwa imejikunja. Kisha akanipa kambale wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Nikawapokea, nikasema asante shangazi. Treni ilipoipita Mlimba nikawatupa dirishani.

Sikuwatupa kwa hasira. Niliwatupa kwa sababu tangu dada afariki, hakuna kitu cha mkono wa shangazi kilichoingia kinywani mwetu. Ilishakuwa kama kanuni ya nyumba. Na Mama Chanda aliponiuliza, nilijishika shingo nikasema moyoni: ni palepale aliponigusa.

Nikakubali kwenda Jumamosi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikupata usingizi, na kilichonijia ni siku ya mazishi. Wewe ulikuwa ndani na akina mama. Mtu akasema Efrasia anakuja, ukaniita, ukaniambia nikamzuie barabarani. Sikulaumu, ulikuwa umetoka kumpoteza mtoto, na yule mzee wa ramli alishakwambia aliyemroga ni mwanamke wa ukoo wa baba anayekaa karibu na maji. Nikamkuta kwenye njia panda, ametoka Kivukoni kwa miguu, beseni la mchele kichwani. Nikamwambia, "Shangazi, mama anasema urudi."

Akaniuliza, "Nirudi na huu mchele?"

Nikasema, "Na mchele."

Hakubishana. Alinitazama, akatazama nyuma yangu watu waliojaa uani, akageuka. Na ni yeye aliyemfundisha Yasinta kusuka. Ni yeye aliyekuwa anamchukua wakati wa mafuriko, wakati shule yetu ilipokuwa inajaa maji. Nililala na picha ya mgongo wake unaondoka, na nikaona kama nikienda kwa mzee wa Mama Chanda, nitamrudisha mara ya pili.

Asubuhi nikamwambia Mama Chanda naanza na hospitali kubwa, mzee wake atangoja. Akaguna. Kisha akafunga karakana, akasema, "Basi twende wote."

Hospitali tulipangwa foleni tangu asubuhi mpaka saa nane. Daktari kijana akachota maji ya tezi kwa sindano. Majibu yalipotoka hayakueleweka. Akasema inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, inaweza kuwa saratani ya tezi. Anianzishie dawa za kifua kikuu za miezi sita, tuone. Mkubwa wake, Daktari Mutinta, mama wa makamo, alikuwa anasoma faili langu amesimama.

"Unakohoa?" akaniuliza.

"Hapana, daktari."

"Picha ya kifua ni safi. Sindano inachota tone tu, na tone halisemi habari yote. Mimi nataka tezi nzima." Akanigeukia vizuri. "Tutakupiga ganzi, tutatoa tezi moja, tuisome kwenye hadubini. Sitaki kukupa dawa za nusu mwaka kwa ugonjwa nisioujua."

Walinitoa tezi wiki iliyofuata. Haikuchukua muda. Uso wangu ulifunikwa kitambaa, nasikia mkasi. Alipomaliza nikamuuliza mishono mingapi, akasema minne. Nikamwambia mimi ningeshona kwa ndani, isionekane. Manesi wakacheka, na mimi nikacheka, ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Majibu ya kwanza yalikuja baada ya wiki tatu. Daktari Mutinta hakuzunguka. "Karatasi inasema inashukiwa kuwa saratani," akasema. Masikio yangu yakaziba. Niliona midomo yake inaendelea, nikamwomba arudie. "Nimesema, mimi sijaridhika. Karatasi inasema hivi, shingo yako inasema vingine. Homa imepungua wiki hii, na hii tezi ya chini imelainika. Saratani ninayoijua hairudi nyuma yenyewe. Nitaipeleka kwa mtu mwingine aisome upya. Nipe wiki mbili."

Nilirudi karakana nikamweleza Mama Chanda. Kesho yake nikakuta cherehani yangu imerudishwa ndani, mahali pake pa zamani, na imetiwa mafuta. Saratani haiambukizi.

Wiki mbili zile, mama, sikuwaza mambo makubwa. Nilidhani mtu akikaribia kufa anawaza dhambi zake. Mimi niliwaza uani kwetu mwezi wa saba, mpunga umeanikwa kwenye maturubai, wewe unapepeta na ungo, makapi yanaruka hadi kwenye nywele, na kaka anapita na baiskeli unamfokea asikanyage. Niliwaza harufu ya wali mpya wa msimu, ule ambao ukiivishwa hata wapita njia wanajua nyumba gani inapika. Wali wa hapa hauna harufu. Unakula kwa kuwa ni chakula. Niliwaza ukungu unavyolala juu ya bonde asubuhi na milima ya Udzungwa inatokeza kwa juu kama imekatwa miguu. Nilishauliza siku za treni. Nilitaka kama ni kufa nifie mahali ambapo watu wakisema "mto umepanda" najua wanasema mto gani.

Siku ya majibu Mama Chanda alifuatana nami tena. Daktari Mutinta alikuwa amekaa, na hilo peke yake lilinitisha.

"Devota," akasema, "si saratani. Na si kifua kikuu."

Mama Chanda akaniuliza kwa Kinyanja amesema nini, nikashindwa kutafsiri.

Daktari akanieleza taratibu. Ni ugonjwa wa nadra, una jina la Kijapani. Alinitajia mara mbili nikashindwa, akaniandikia kwenye karatasi. Hata yeye ameukuta mara chache katika kazi yake. Alisema kinga ya mwili huwaka ndani ya tezi kama moto wa nyasi kavu, sehemu zinaungua, kisha moto unazima wenyewe. Chini ya hadubini unaweza kufanana sana na saratani, ndiyo maana msomaji wa kwanza alishtuka. Hauambukizi, na kwa kawaida hauui. Dawa yake ni ya kutuliza maumivu na homa, basi, na kusubiri. Ila nitakuwa narudi kila baada ya miezi kadhaa kupimwa damu, kwa sababu watu wachache huja kupata baadaye ugonjwa mwingine, ule wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Mpaka sasa damu yangu haina dalili hiyo.

Nikamuuliza, "Sasa nimeupata kwa nani?"

"Kwa nani?" Hakunielewa mara moja. Alipoelewa hakunicheka. "Hakuna aliyekupa. Pengine kuna kirusi kinachouanzisha, hatuna hakika. Lakini hakuna mtu, Devota."

Ndipo nikamweleza habari za Yasinta. Akaweka kalamu chini. Akauliza aliugua muda gani, alikonda, alikohoa, uvimbe wake uliwahi kupungua. Nikasema haukupungua, uliongezeka mpaka akashindwa kugeuza shingo.

"Basi sidhani ulikuwa huu wako," akasema. "Labda saratani ya tezi, labda kifua kikuu. Siwezi kujua, sikumwona. Lakini ulikuwa ugonjwa, kama huu wako ulivyo ugonjwa."

Nikamuuliza kama dada angepona. Akasema, "Wengine hupona, wakiwahi."

Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuandika nakala hii safi, kisha nikairudisha, kwa sababu nilishakudanganya vya kutosha mwaka huu. Sikuandikii ili uumie. Ulifanya tulichokijua wakati ule. Ulimbeba Yasinta mgongoni, msichana mkubwa, ukavuka naye maji ya mafuriko ukitafuta wa kumponya. Hatukupata mtu wa kutuambia "sijaridhika." Mimi nimempata kwa bahati tu, na nusura nisimfikie, kwa sababu Jumamosi yangu ilikuwa imeshapangwa kwingine.

Mitoki imekwisha. Umebaki mmoja mdogo, kama punje ya mchele, ambao daktari amesema nisiuhangaikie. Nimenenepa. Kovu lipo, dogo, nalifunika kwa kola. Nashona kama zamani, na Mama Chanda ameanza kunitania kwamba nilimkosesha yule mzee wake ng'ombe wa malipo.

Sasa mama, nakuomba jambo. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Shangazi Efrasia. Sijaifunga, isome kwanza kama unataka. Nimemwomba radhi kwa ajili ya siku ya mchele, na kwa ajili ya wale kambale. Sijakuombea radhi wewe, hilo ni lako. Lakini naomba umpelekee mwenyewe, kwa mkono wako. Kaka akupeleke na pawatila mpaka Kivukoni, akuache kwa shangazi, aondoke. Sijui utamwambia nini. Mimi nisingejua. Labda usiseme kitu siku ya kwanza; mpe tu barua, mkae. Yule mama hakututumia chochote. Alizika mtoto wa kaka yake akiwa amesimama barabarani.

Ukiona miguu haikubali, sitakukasirikia. Iweke kwenye sanduku lako la vitenge. Nitakuja Pasaka, sare zikiisha, nami nitaipeleka mwenyewe. Ila ningependa sana nikifika nikute umeshatangulia.

Nisalimie kaka Benedikto, mwambie asikuache utembee. Msalimie wifi, na umshikie mimba yake vizuri kwa maombi. Bibi wa Malinyi mpe shikamoo yangu, mwambie mjukuu wake bado anakula kwa mkono. Mama mdogo wa Uchindile naye mfikishie salamu, pamoja na akina mama wa jumuiya. Waambie nilikuwa nina homa ikapona, inatosha. Kwenye kaburi la dada niwekee ua lolote litakaloota kando ya njia.

Na Shangazi Efrasia, ukimwona, mwambie Devota anasema shikamoo.

Binti yako anayekupenda,
Devota